Kabla shoka halijaingia: jibu kwa mama wa Kisanga

Mama mmoja wa kartie (mtaa) Kisanga, komini Annexe, hapa Lubumbashi, ameniandikia mimi wakili barua ndefu. Naifupisha, lakini maneno ni yake:

“Metre, jambo. Tunaishi kwenye kiwanja alichotuachia baba mkwe. Zamani palikuwa shamba, sasa nyumba zimetuzunguka pande zote. Karibu na mpaka kuna mwembe mkubwa aliopanda yeye mwenyewe, na nyuma ya jiko kuna mupundu, mti wa asili, ambao aliukuta. Jirani mpya anataka kujenga ukuta. Anasema mizizi ya mwembe itamvunjia ukuta, amenipa mwezi mmoja niukate, la sivyo atauangusha yeye. Wakati huohuo, kwenye avenyu yetu vijana wenye mashine wamekata jakaranda mbili, na ya tatu imepakwa alama nyekundu. Ukiwauliza, wanasema shefu wa kartie ameruhusu. Na kule chini kwenye kijito, mtu anafyeka miti yote apate kukata viwanja vya kuuza. Je, huku pembeni ya mji kuna sheria inayolinda miti, ama mti ni wa yeyote mwenye shoka? Tufanye namna gani?”

Mama, jambo sana. Barua yako imenigusa, kwa sababu kesi za viwanja vya Annexe ndizo zimekula miaka yangu mingi ya kazi, na karibu kila faili ina mti ndani yake: mti uliokuwa alama ya mpaka, mti uliokatwa usiku, mti ambao mzee alizikwa chini yake. Nitakujibu kirefu, maana umeuliza maswali matatu na kila moja lina mlango wake.

Nianze na lile ambalo halitakufurahisha. Katika Kongo yetu, mti wa uani haulindwi na sheria kwa sababu tu ni mti. Ndugu zetu walio Ulaya husimulia mambo mengine, na ni kweli. Uingereza, chini ya sheria ya mipango miji ya 1990, halmashauri inaweza kutoa amri ya kulinda mti mmoja tu uliosimama nyuma ya nyumba ya mtu, na mwenye nyumba akiukata bila ruhusa anashtakiwa ingawa mti ni wake. Ufaransa, tangu 2016, safu za miti kando ya barabara zina ibara yao katika kanuni ya mazingira. Usiende komini kudai amri ya namna hiyo. Watakuangalia tu, na utarudi umekata tamaa bure.

Kwetu, mti unafuata udongo. Ukitaka kujua nani anaweza kuukata, nani anaweza kuuzuia usikatwe na nani atalipa ukikatwa, uliza kwanza: udongo huu ni wa nani, na unatumika kwa kazi gani? Miti yako mitatu, yaani ule wa uani, ule wa barabarani na ile ya kijitoni, imesimama kwenye udongo wa aina tatu. Ndiyo maana majibu hayafanani.

Tuingie uani kwako.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, yaani konsesio. Lakini kilichosimama juu ya udongo na kushikamana nao, nyumba pamoja na miti isiyong'olewa, kinahesabiwa kuwa mali isiyohamishika na kinakwenda pamoja na haki ya kiwanja. Mwenye karatasi ya kiwanja ndiye mwenye mwembe. Hapo ndipo nakuuliza swali ambalo wateja wangu wengi hawalipendi: una karatasi gani mkononi?

Annexe watu wengi wanashika karatasi ya mauzo iliyoandikwa kwa mkono, au ile iliyosainiwa na shefu wa mila, au fishi ya kiwanja kutoka kartie. Hizo zinasaidia kuonyesha namna ulivyofika hapo. Haki kamili juu ya kiwanja inathibitishwa na hati ya usajili, ile tunayoita kwa mkato sertifika, inayotoka kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Kama baba mkwe alikuwa nayo, angalia jina lililomo. Kama bado ni jina lake na yeye amefariki, shughulikieni mirathi, mwandikishwe ninyi. Kama hakuwa nayo kabisa, anzeni leo. Mti wenu hautakuwa na nguvu kuliko karatasi ya udongo ulioushika.

Kuna njia nyingine inayowahusu ninyi hasa mliokaa pale tangu Kisanga ingali mashamba. Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema kwamba miti iliyo kijijini au karibu yake, au katika shamba la watu wengi au la mtu mmoja, ni mali ya kijiji au ya yule mwenye shamba. Kwa hiyo hata mupundu ambao mzee hakuupanda, aliuacha tu wakati wa kufyeka shamba lake, ulikuwa wake. Na wazee walikuwa na sababu ya kuuacha. Matunda yake yanaliwa, na mbao zake zina kama mchanga ndani, zinamaliza meno ya msumeno haraka. Ndiyo maana mpaka leo, ukipita katikati ya mashamba, unaona mupundu umebaki peke yake ilhali miti mingine ya miombo imekwenda kuwa makala (mkaa). Tafuta wazee wawili au watatu wanaokumbuka shamba lile, waandike na kusaini waliyoyaona. Wazee hawatakuwepo siku zote, na ushahidi wao unaondoka nao.

Sasa jirani. Kabla ya kubishana naye juu ya mizizi, ita mpimaji wa kadasta, ofisi ya vipimo vya ardhi, atafute mawe ya mpaka, jirani akiwepo. Nimeona watu wamegombana miaka mitatu juu ya mti, mwishoni kipimo kinaonyesha kwamba ukuta ndio uliovuka. Shina likiwa upande wako lote, mti ni wako. Likiwa upande wake, mti ni wake hata kama aliupanda baba mkwe, na utabaki kumwomba kwa upole. Shina likikaa juu ya mstari wenyewe, msikate wala msiguse kitu kabla ya kukubaliana kwa maandishi.

Tuseme ni wako. Jirani hana haki ya kukupa mwezi mmoja. Yeye si tribunali (mahakama). Akiingia na kuukata, anakutana na ibara ya 112 ya kanuni ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, inayowaadhibu wanaoharibu kwa nia mbaya miti, mazao na mali nyingine za watu. Neno zito hapo ni nia mbaya. Mbele ya hakimu atasema: “Sikujua, nilidhani ni wangu, nilidhani amekubali.” Ndiyo sababu nakushauri umwandikie barua sasa, akiwa bado anatisha kwa mdomo tu. Mwambie mti ni wako, hukubali ukatwe, na uko tayari kuzungumza juu ya ukuta wake. Barua ifike mikononi mwake mbele ya shahidi, au ipelekwe na mpeleka-hati wa tribunali. Akikata baada ya hapo, hawezi tena kusema hakujua. Karatasi hiyo moja inabadilisha kesi nzima.

Lakini mama, upande wa pili wa sheria unakukabili wewe. Kitabu cha tatu cha kanuni ya madeni na mikataba, cha tarehe 30 Julai 1888, ambacho bado tunakitumia kila siku, kinasema katika ibara ya 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Ibara ya 260 inaongeza kuwa mtu anajibu pia kwa hasara iliyoletwa na vitu alivyo navyo chini ya ulinzi wake. Mwembe wako ni kitu kilicho chini ya ulinzi wako. Tawi lililooza likianguka juu ya mabati ya jirani wakati wa mvua za Novemba, utalipa. Kama alikuwa amekuandikia kukuonya na wewe ukanyamaza, utalipa bila hata kuwa na neno la kujitetea. Kuupenda mti ni pamoja na kuutunza.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwite mtu anayejua miti auangalie: shina lina shimo? Matawi mazito yanaelekea wapi? Yaliyokufa yaondolewe sasa. Yanayolala juu ya kiwanja cha jirani yapunguzwe, ila kazi kubwa ya kupogoa isubiri embe ziishe, na usikubali wakunyoe mti hadi ubaki nguzo. Mwembe ulionyolewa hivyo huchipua vijiti vingi dhaifu, na hivyo ndivyo vinavyovunjika miaka miwili baadaye.

Kuhusu mizizi, mafundi wetu wana tabia ya kuchimba msingi wa ukuta moja kwa moja na kukata kila mzizi unaokutana na jembe. Mti mkubwa uliokatwa mizizi upande mmoja, karibu na shina, unaweza kusimama kiangazi chote kama mzima, kisha dhoruba ya kwanza ya mvua ikaulaza. Na unaweza kulala kwa yule aliyeikata au kwenye nyumba yako. Fundi mzuri anaweza kuweka nguzo mbili za zege nje ya mizizi mikubwa na kuipitisha boriti juu yake, ukuta ukapita bila kuugusa mzizi. Simenti na vyuma vitaongezeka kidogo. Mwambie jirani kwamba mtachangia. Mimi nimeandika makubaliano ya namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, yamesainiwa na pande zote mbele ya mashahidi, na hao watu leo wanakula embe za mti mmoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kuliko hukumu yoyote nitakayokutafutia.

Twende barabarani, maana hapo ndipo nilipokasirika niliposoma barua yako.

Ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote ni sehemu ya mali ya umma ya Serikali. Sheria ileile ya 1973 inasema hivyo katika ibara ya 55, na avenyu ni mfano wa wazi kabisa. Jakaranda iliyosimama kati ya barabara na ukuta wa nyumba si ya mwenye nyumba, na si ya shefu wa kartie. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yaliyogatuliwa inataja mji, komini, sekta na sheferi. Kartie haimo. Shefu wa kartie ni mtumishi wa utawala anayefanya kazi chini ya komini. Hana mali yake ya kuuza kwa wachoma makala au kwa wenye tanuru za matofali. Akisema “nimeruhusu,” muulize kwa heshima: kwa karatasi ya nani?

Sisemi kwamba kila mti wa barabarani usiguswe. Mti uliooza shina na kuegemea njia ya watoto wa shule unapaswa kuanguka kabla haujaua mtu. Matawi yanayoshika nyaya za umeme yanapunguzwa, na ni vizuri yapunguzwe. Lakini kazi ya namna hiyo inaacha karatasi: barua ya komini au ya meya, sababu iliyoandikwa, muhuri, tarehe, na jina la anayehusika. Vijana wenye mashine wasio na karatasi hawana kazi ya umma pale. Siku wakirudi, msiwapige wala msiwanyang'anye mashine, mtageuka ninyi washtakiwa. Waulizeni nani amewatuma na kibali kiko wapi. Mpige picha ya mti ukiwa bado umesimama, ya alama nyekundu, ya gari na namba yake, ya kuni zikipakiwa. Kisha watu wawili wakae pale na wawili waende kwa bugumesta, mkuu wa komini, siku hiyohiyo. Mti ukishaanguka, nendeni kwa OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, aandike prosevebali (taarifa rasmi). Usikubali kuambiwa “rudi kesho” bila tarehe.

Mtu mmoja wa mtaani kwenu atasema jakaranda ni mti wa kigeni, umetoka Amerika ya Kusini, wazungu ndio walioupanda, kwa hiyo uende. Sheria ya mali ya umma haiulizi mti umetoka wapi. Hata mwembe haukuzaliwa Katanga. Na anayejua Lubumbashi mwezi wa Septemba na Oktoba, vumbi likiwa limepanda na mvua bado, anajua zile rangi za zambarau zina maana gani kwa mtu anayetembea kwa miguu kutoka sokoni.

Na sisi watu wa mji huu hatuhitaji kufundishwa mahali pasipo na miti panafananaje. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulibeba moshi wa shimini kuelekea upande mmoja. Kule ulikokwenda, miti ya asili ilikufa, udongo ukajaa madini, mvua ikauchukua. Nenda Penga Penga uwaulize wakazi. Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamehangaika kule na nyasi zinazovumilia shaba ili udongo ushikwe tena, na hata mti unaopandwa unahitaji shimo lijazwe udongo mwingine kwanza. Sasa tunaiona Annexe ikipoteza kwa shoka kile ambacho upande ule ulipoteza kwa moshi.

La tatu, kijito. Hapa sheria ina meno marefu zaidi, ila lazima ujue mahali yanapofika.

Kanuni ya misitu, ibara ya 48, inakataza kuondoa miti umbali wa mita 50 kila upande wa mto au kijito, na mita 100 kuzunguka chanzo cha maji. Ibara ya 52 inasema anayefyeka msitu lazima apande mwingine unaolingana nao kwa ubora na kwa ukubwa, yeye mwenyewe au kwa gharama yake. Ibara ya 53 inasema kufyeka kwa ajili ya migodi, viwanda, ujenzi wa mji, kilimo au jambo lingine lolote kunahitaji kibali kilichotangulia. Nasisitiza: kilichotangulia. Wengi hufyeka kwanza, kisha hutafuta karatasi ya kufunika walichofanya. Ongeza sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, inayoweka ulinzi kuzunguka vyanzo vya maji, na sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, inayodai uchunguzi wa athari kabla ya mradi unaoweza kuharibu mazingira. Uchunguzi huo unasimamiwa na Wakala wa Mazingira wa Kongo.

Wakili wa yule anayekata viwanja atajibu nini? Atasema kanuni ya misitu inazungumzia misitu, na vichaka vyenu vya pembeni ya mji si msitu. Usilidharau jibu hilo, linaweza kushinda kama hamkujiandaa. Kwa hiyo msiende na neno tupu la “anakata miti.” Nendeni na vitu vinavyopimika: upana wa eneo lililofunikwa na miti, majina ya miti iliyopo, hata kwa lugha zetu: musuku, mupundu, mutondo. Chukueni picha za visiki, na kipimo cha kamba kutoka ukingo wa maji mpaka kisiki cha mwisho. Kama kuna chanzo, onyesheni kilipo na nani wanachota pale. Kisiki kilicho mita 20 kutoka kwenye maji ni ushahidi ambao hauna ubishi mwingi.

Kuna ibara nyingine ambayo watu wa pembeni ya miji hawaijui, nami natamani ijulikane. Ibara ya 12 ya kanuni hiyohiyo, ikiorodhesha misitu inayowekwa chini ya ulinzi maalumu, inataja pia misitu ya mijini, pamoja na misitu inayohitajika kulinda miteremko isimomonyoke, kulinda vyanzo na mito, na kwa ajili ya afya na maisha mazuri ya watu. Yaani mlango upo. Ukingo wenu wa kijito unaweza kuombewa uainishwe. Ni njia ndefu, inapita kwa ofisi ya mkoa ya mazingira na wizara, na mtu mmoja peke yake hataiweza. Lakini kartie tatu zinazotumia maji ya kijito kimoja, zikiwa na wazee wao, shule na makanisa yao, zinaweza kuianza. Ombi likiwa limepokelewa na kugongwa muhuri, anayekata viwanja hawezi tena kusema kwamba hakuna aliyejali.

Je, wewe mama, ambaye ukingo si kiwanja chako, una haki ya kulalamika? Ndiyo. Ibara ya 53 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakupa haki ya kuishi mahali penye mazingira mazuri, na inakuwekea wajibu wa kuyatetea. Sheria ya 2011, ibara ya 46, inasema kwamba mtu anaweza kuyatetea mbele ya sheria, peke yake au pamoja na wengine. Akikuambia mtu “hii haikuhusu, kiwanja si chako,” msomee ibara hizo mbili.

Nikueleze sasa kwa nini narudia neno kabla. Miaka iliyopita nilimtetea mjane mmoja ambaye jirani yake alimkatia miembe minne alipokuwa amekwenda kijijini kwa kilio. Karatasi zake zilikuwa safi, mashahidi walikuwepo, na tulishinda. Kesi ilitembea muda mrefu, na alilipwa pesa ambazo alizitumia kusomesha watoto. Sisemi hazikuwa na faida. Lakini siku nilipompelekea nakala ya hukumu nilimkuta amekaa chini ya turubai, jua la saa saba likimchoma pande zote, na miche aliyopanda ilikuwa haijafika magotini. Aliniuliza kama tribunali ingeweza kumrudishia kivuli. Tangu siku ile, mteja akija na mti uliosimama bado, naacha kazi nyingine.

Sheria zetu zinajua kulipisha. Kuzuia zinajua pia, ila polepole, na mashine ya msumeno inamaliza mwembe wa miaka 40 kabla ya saa sita mchana. Ndiyo sababu karatasi itangulie. Kama jirani anaonyesha kweli kwamba anakuja na shoka, kanuni ya mwenendo wa kesi za madai ya tarehe 7 Machi 1960 inaruhusu kumwomba rais wa tribunali aitishe kesi kwa muda mfupi kuliko kawaida. Ombi hilo linakubaliwa ukileta ushahidi wa haraka: ujumbe wa simu aliokutumia wa kukutisha, picha ya alama kwenye shina, shahidi aliyemsikia akipatana bei na wakataji. Usifute ujumbe wowote, hata ule wa matusi.

Wiki hii, kabla ya kadasta na kabla ya kuniletea faili, shughulikia jakaranda ya tatu. Ndiyo inayokimbizana na wakati kuliko yote. Waite majirani wa avenyu, soma nao barua hii, ibadilisheni mnavyotaka, kila mmoja asaini na kuandika namba ya kiwanja chake:

“Kwa Bugumesta wa komini Annexe. Sisi wakazi wa avenyu hii, kartie Kisanga, tunakujulisha kwamba miti miwili ya barabarani imekatwa na watu wasioonyesha kibali, na mti wa tatu umewekewa alama. Miti hiyo iko kwenye mali ya umma. Tunaomba utujulishe kwa maandishi kama komini ilitoa kibali, nani alikiomba na kwa sababu gani. Tunaomba mti wa tatu usiguswe mpaka tupate jibu. Kama una hatari, tunaomba uchunguzwe mbele yetu, na tuko tayari kupanda mwingine mahali pake. Picha na majina ya mashahidi vimeambatishwa.”

Pigeni nakala nne. Moja ibaki komini, ya pili ipelekwe kwa meya, ya tatu ofisi ya mkoa ya mazingira. Ya nne irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa komini, tarehe, na saini ya aliyeipokea. Shefu wa kartie naye mpelekeni nakala kwa heshima zote, mbele ya watu. Nakala yenye muhuri ifungwe kwenye plastiki, mtu mmoja wa avenyu akae nayo karibu, na vijana wakirudi na mashine waonyeshwe hiyo kwanza.